Ndoo Itangulie Mpira: Waraka kwa Makocha wa Vijana na Walimu wa Michezo, Pemba

Kwa: Makocha wa timu za vijana na walimu wa michezo wa skuli, Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani
Yah: Kuwapoza wachezaji msimu wa kaskazi
Chake Chake, Disemba 2025



Kaskazi imeshaingia. Baridi ya kipupwe tumeisahau, na kuanzia sasa mpaka masika yashuke tutakuwa na hari ile tuijuayo, kijana anavuja jasho kabla hajafunga kamba za viatu. Kalenda nayo haitungoji. Januari mosi ni Siku ya Mazoezi, tarehe 12 ni Mapinduzi, na baina yake kuna mabonanza ya mashehia, mechi za vijana za madaraja ya Juvenile na Junior, resi za baiskeli na netiboli za maskuli. Februari inaingia Ramadhani. Miezi ambayo mwili wa kijana unahitaji huruma zaidi ndiyo tunayoutumikisha zaidi, na wala sioni kama ratiba hiyo itabadilika kwa ajili yetu.

Kwa hiyo nina ombi moja, na mengine yote humu ni maelezo yake. Mpaka masika yaanze, timu yoyote ya vijana isianze zoezi wala mechi kabla ndoo za maji ya kupozea hazijafika kiwanjani. Maji ya kunywa yawepo, hilo halina mjadala. Ninayoyaomba ni mengine: maji ya kumwagia kichwa, ya kuloweka kanga, ya kuchovya mikono.

Tumezoea kuamini kwamba dawa ya joto ni kunywa. Ni nusu ya dawa. Misuli ikifanya kazi, kama robo tatu ya nguvu inayochomwa haiendi kwenye mbio wala kwenye shuti, inageuka kuwa joto ndani ya mwili. Damu hulibeba joto hilo mpaka kwenye ngozi, na hapo lazima lipate pa kutokea. Mlango mkubwa ni jasho. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na joto la kilokalori 580 hivi, na hizo si haba. Lakini lazima ikauke. Jasho linalodondoka chini limechukua maji na chumvi ya mtoto, joto limemwachia mwenyewe.

Mtungi wa bibi unalionyesha hili vizuri. Siku ya upepo, maji yanapenya kwenye udongo, yanakauka kwa nje, na yaliyobaki ndani yanapoa. Siku ya fukuto, hewa imeshiba maji yake yenyewe, mtungi unabaki umelowa kwa nje na ukichota unakunywa uvuguvugu. Wachezaji wetu wa Februari ndio mtungi wa siku hiyo ya pili. Ndiyo maana nyuzi 32 za Dodoma na nyuzi 32 za Konde si joto moja, na ndiyo maana ushauri unaotoka bara kavu hautufai wote. Kule ukimnywesha mtu akatoka jasho, umemsaidia sana. Huku ukimnywesha tu, umempa maji ya kudondosha.

Watoto wana shida ya ziada. Ambaye hajabaleghe hatoki jasho jingi kama mtu mzima. Hutegemea zaidi kulitoa joto moja kwa moja kupitia ngozi kwenda hewani, na kwa kuwa mwili wake ni mdogo na ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito, njia hiyo humfaa wakati hewa ni baridi. Hewa inapokaribia joto la ngozi, ambalo ni kama nyuzi 35, njia hiyo hupungua mpaka karibu inafunga, na jua la utosi likimpiga hugeuka kuwa njia ya joto kuingilia. Sisemi kwamba mtoto hawezi kucheza kwenye joto. Anaweza, akinyweshwa, akipumzishwa na akipozwa. Ila hajui mapema kama kaka yake kwamba joto linamzidi, na hasemi mapema, kwa sababu anataka apangwe.

Wenzetu wa nje wana kipimo cha jambo hili. Jeshi la Marekani lilikitengeneza miaka ya 1950, baada ya makuruta kuwa wakianguka kwa joto kwenye kambi ya Parris Island. Kinachanganya vipimajoto vitatu: cha kawaida kivulini, kilichowekwa ndani ya tufe jeusi juani, na kilichovishwa kitambaa kibichi. Hicho cha kitambaa ndicho kinachopewa uzito mkubwa, sehemu 7 kati ya 10, kwa sababu ndicho kinachosema kama jasho litakauka au halitakauka. Chukua mchana wa kaskazi wenye nyuzi 32 kivulini, 28 kwenye kitambaa na 45 kwenye tufe. Zidisha 28 kwa 0.7, 45 kwa 0.2, 32 kwa 0.1, kisha jumlisha: 31.8. Mstari ambao FIFA iliuweka kwa mapumziko ya kupoza mechi ni 32. Yaani mchana ambao sisi tunauita wa kawaida uko ukingoni mwa mstari uliowekewa wanaume wazima wanaolipwa, wenye madaktari pembeni na barafu ya kumwaga. Saa 10 alasiri ni nafuu kidogo. Saa 4 asubuhi ya bonanza la skuli, ambalo kwa kawaida linaendelea mpaka saa 7, si nafuu hata kidogo. Mwalimu wa fizikia wa skuli yako anaweza kukutengenezea kipimajoto cha kitambaa kibichi kwa pamba na kikopo cha maji, na wanafunzi wakapata somo humohumo.

Najua wapo miongoni mwetu ambao mambo ya usalama yakitajwa husinzia. Basi huu usomeni kama waraka wa ushindi. Septemba 2019, mashindano ya dunia ya riadha ya Doha yaliwaanzisha wanawake wa marathoni karibu na saa 6 za usiku ili kukwepa jua. Joto lilikuwa nyuzi 32 usiku huo, unyevu zaidi ya asilimia 70. Walianza 68, wakamaliza 40. Mshindi, Ruth Chepngetich wa Kenya, alitumia saa 2 na dakika 32, na Januari ya mwaka huohuo alikuwa amekimbia Dubai kwa saa 2 na dakika 17. Robo saa nzima imeliwa na hari. Sasa mtazameni wa kwetu. Alphonce Simbu alimaliza marathoni ya Boston Aprili 2025 kwa 2:05:04, akawa wa pili. Septemba 15, kwenye joto na unyevu wa Tokyo, alikimbia 2:09:48, karibu dakika 5 nyuma ya muda wake wa Boston, na akaipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia kwa kumpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Kwenye joto hashindi aliye na mbio zaidi, anashinda aliyepoteza kidogo kuliko wenzake. Hapo ndipo kocha wa Pemba mwenye ndoo nne anaweza kumshinda kocha mwenye wachezaji wazuri.

Na kwa wapenzi wa mbinu: Juni 29, 2014, huko Fortaleza, Uholanzi ilikuwa nyuma 1-0 mbele ya Mexico kwenye Kombe la Dunia. Mechi ikasimamishwa ili wachezaji wapoe. Kocha wa Uholanzi, Louis van Gaal, akazitumia dakika zile kubadilisha mpango wa mchezo, na baadaye alisema hivyo mwenyewe bila haya. Uholanzi ikafunga dakika ya 88, ikafunga tena kwa penalti dakika za nyongeza, ikasonga mbele. Kwa Kombe la Dunia la 2026, FIFA imeshatangaza kwamba kila mechi itasimama dakika 3 katika kila kipindi, kuwe na joto kusiwe. Sheria ya 7 ya mpira wa miguu inaruhusu mashindano kuweka mapumziko ya kunywa yasiyozidi dakika 1 na ya kupoza ya sekunde 90 mpaka dakika 3. Hatuhitaji ruhusa ya mtu. Makocha wawili na mwamuzi wakikubaliana kabla ya mpira kuanza, imekwisha.

Sasa namna ya kufanya. Nitaanza na kabla ya mechi, kwa sababu hapo ndipo tunapopoteza zaidi. Tunawaleta watoto saa 8 na nusu kwa mechi ya saa 10, wanakaa juani wakitazama mechi ya kwanza, halafu tunawakimbiza dakika 25 kupasha misuli. Wakati filimbi inalia, nusu ya mafuta yameshaungua. Wakae chini ya mwembe au chini ya turubai. Wasivae jezi mpaka karibu na kuingia. Kupasha misuli kuwe dakika 10, na kufanyike kivulini: kaskazi mwili umeshapata moto wenyewe, kinachobaki ni kuamsha viungo na kugusa mpira.

Na hapa barafu za ukwaju, zile wanazonunua watoto kila siku getini kwa skuli, zina kazi. Watafiti wa michezo wamewanywesha wanariadha barafu iliyosagwa, kama gramu 7.5 kwa kila kilo ya mwili, ndani ya nusu saa kabla ya kukimbia, na joto la ndani ya mwili limeshuka kwa nusu ya nyuzijoto au zaidi, wakakimbia muda mrefu zaidi kabla ya kuchoka. Sababu yake ni nyepesi: barafu inapoyeyuka tumboni hunyonya joto jingi kuliko maji baridi ya kiasi kilekile. Kijana wa kilo 40 ni gramu 300. Ivunjwevunjwe, aile kidogokidogo, siyo aimeze kwa pupa ikamkamata tumbo. Ijaribuni kwanza siku ya mazoezi, wapo ambao matumbo yao hayaitaki. Wale wanaosema maji baridi yanamgandisha damu mtu mwenye mwili wa moto, niwaulize tu: mbona mtoto huyohuyo akitoka skuli saa 7 na jua lote lile anakula barafu mbili, na jioni yuko kiwanjani?

Ila msidanganyike na dawa za kuchua zenye menthol, wala majani ya nanaa kwenye maji. Zinaipa ngozi hisia ya ubaridi, joto la ndani halijashuka hata kidogo. Kwa mtu mzima anayejua kujipima, hisia hiyo inaweza kumsaidia kuvumilia. Kwa mtoto wa miaka 13 ni kumziba masikio asisikie mwili wake ukilalamika.

Wakati wa mapumziko ya katikati ndipo ndoo zinapofanya kazi. Kila mchezaji achovye mikono miwili mpaka viwikoni, vidole vikiwa wazi, kwa dakika 10. Viganja na mikono ya chini ina mishipa mingi ya damu karibu na ngozi, na mtu akiwa na joto mishipa hiyo hufunguka. Damu inapita majini, inapoa, inarudi moyoni. Wazima moto wanaotoka ndani ya moshi hupozwa hivi, na wanamaji wa Uingereza vilevile. Maji ya kisima yasiyo na barafu yanatosha kuanzia, kwa sababu ni baridi kuliko ngozi, na maji ndani ya ndoo hayangoji kukauka ili yafanye kazi. Hilo ndilo linaloyafanya yawe silaha ya visiwani. Barafu ikipatikana, bora zaidi. Wavuvi wa Wesha na Tumbe wanaijua barafu ya samaki, na deli moja lililojaa linatosha timu mbili. Hiyo ni ya nje ya mwili tu, jamani. Msimpe mtoto kunywa barafu iliyolala na jodari.

Wakati mikono iko majini, kocha azungumze. Asimame yeye juani, wao wakae kivulini. Kanga iliyoloweshwa ikikaa shingoni na mtu mmoja akipepea kwa pepeo la ukili, hapo upepo umetengenezwa na jasho linaanza kukauka. Kumwagia maji kichwani kunaleta nafuu ya haraka, ila viatu na soksi zikilowa mtoto atatoka malengelenge, basi ainame. Vikombe visishirikishwe. Tunayajua maradhi ya kuhara ya visiwa hivi vizuri kuliko kuhitaji kukumbushwa.

Kuhusu kunywa sitasema mengi. Anywe akisikia kiu na kila mapumziko, kidogokidogo. Mkojo mweusi kama chai asubuhi ya mechi ni habari mbaya. Madafu ni mazuri lakini yana chumvi kidogo kuliko jasho lililopotea, kwa hiyo kijana aliyevuja sana apate na chakula chenye chumvi. Ukitaka kutengeneza mwenyewe, ni lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kama anavyofanyiwa mtoto mwenye kuharisha. Na kumnyima mchezaji maji ili kumtia adabu, bado nakuona kwenye baadhi ya viwanja. Nitakuwa muwazi: huo si ukocha.

Wasichana wetu wana mambo mawili ambayo wanaume tunaofundisha hatuyaoni. La kwanza ni nguo. Mtoto wa kike anacheza netiboli na mikono mirefu, suruali na mtandio, na hatumwambii avue. Lakini rangi na kitambaa tunaweza kuchagua. Mtandio mweupe wa pamba nyepesi na fulana pana ni tofauti kubwa na polista nyeusi inayobana. Kanga mbichi inaweza kukaa shingoni chini ya mtandio. Mikono anaweza kuikunja na kuichovya, wanawake wawili wakishika kanga kuwa pazia, na walimu wa kike ndio wakae upande ule. La pili ni choo. Wasichana wengi hawanywi maji tangu asubuhi kwa sababu kiwanja hakina choo kinachofungika. Hatakuambia. Kabla ya kuwapigia kelele wanywe, kaombeni ufunguo wa skuli au nyumba ya jirani.

Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na Februari 18 au 19, na mwaka unaofuata itarudi nyuma siku kama 11, kwa hiyo kwa miaka hii michache funga na kaskazi ni kitu kimoja. Hili si suala la kuwaambia vijana wasifunge, wala la kuwaambia wasicheze. Ni suala la saa na aina ya zoezi. Penye taa, mazoezi mazito yawe baada ya tarawehe. Pasipo na taa, yawe dakika 30 au 40 za mwisho kabla ya magharibi: kupasiana, kupiga penalti, kupanga mipira ya kona. Mbio za kuvuta pumzi na vipimo vya kasi viwekwe baada ya Idi. Najua desturi ya kucheza mpira mrefu alasiri yote ili kuivuta magharibi. Kwa watu wazima sina la kusema, kwa vijana wetu naomba tuikatae.

Na hapa ndipo kupoza kwa nje kunapokuwa neema, maana kunywa hakupo. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) alionekana amefunga na akijimwagia maji kichwani kwa sababu ya kiu au joto. Mambo ya undani muwaulize masheikhe wa msikiti wenu, na ni vizuri kuwauliza kabla mwezi haujaandama ili wazazi wasishangae kuwaona watoto na ndoo. Usiku, maji yagawanywe tangu futari mpaka daku, pamoja na uji na tende, siyo kunywa chupa mbili kwa mkupuo karibu na alfajiri na kuzitoa zote chooni. Kijana aliyefunga akionyesha dalili nitakazozitaja sasa, hapo uhai unatangulia, na hakuna sheikhe atakayebishana nanyi.

Joto likimpiga mchezaji, mara nyingi akili ndiyo inayotangulia kwenda. Januari 12, 2022, kwenye Kombe la Afrika huko Limbe, Kamerun, mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia alimaliza mechi ya Mali na Tunisia dakika ya 85, akairejesha, akaimaliza tena kabla ya 90. Dunia ikamcheka. Ikaja kuelezwa kwamba joto lilikuwa limempiga. Huyo ni mwamuzi wa kimataifa. Mtoto wako atafanyaje? Atapiga mpira upande usio wake, atagombana na rafiki yake, atanyamaza ghafla, atayumba, atatapika, atajibu swali ambalo hukumuuliza. Msingoje ngozi ikauke. Anayepigwa na joto akicheza mara nyingi bado analoa jasho, na wengi wamecheleweshwa kwa imani kwamba mwenye jasho yuko salama. Muulize leo siku gani na matokeo ni ngapi. Akikosea, mechi yake imekwisha.

Joto la ndani likipita nyuzi 40 na akili imeyumba, anazo kama dakika 30 za kushushwa joto kabla ini, figo na ubongo havijaanza kudhurika vibaya. Sasa pigeni hesabu: kutoka Makangale mpaka hospitali ya Wete, au kutoka Kiwani mpaka Abdalla Mzee pale Mkoani, kutafuta gari, kumpakia, njia, kupokelewa. Dakika zimekwisha. Kwa hiyo anapozwa kwanza, anasafirishwa baadaye, na simu ya kuita gari inapigwa wakati yuko majini. Kwenye mbio za Falmouth huko Marekani, zinazokimbiwa Agosti, watu 274 walipigwa na joto kwa namna hii katika miaka 18, wakatumbukizwa kwenye maji ya barafu palepale, na wote 274 waliishi.

Beseni la kumlaza mtu hatuna. Turubai tunalo. Mlazeni katikati, watu sita washike pembe na kingo wakiziinua liwe kama mtumbwi, mmimine ndoo zote na barafu yote, kisha mlitikise taratibu ili maji yatembee juu ya mwili wake. Kichwa kishikwe na mtu mmoja ambaye hana kazi nyingine, uso uwe nje ya maji. Kama turubai halipo, mmwagieni ndoo juu ya ndoo mwili mzima, kanga za barafu kwapani na kinenani, mapepeo pande mbili. Asinyweshwe kitu kama hajitambui. Aendelee kupozwa mpaka akili zirudi na aanze kutetemeka kwa baridi, ndipo apelekwe. Na wapo watakaokuja mbio wakisema mtoto ana shetani, asomewe. Asomewe. Lakini asomewe akiwa ndani ya maji.

Mwili huzoea joto, hilo ni kweli, na wanaosema nawalegeza watoto wana nusu ya haki. Inachukua siku 10 mpaka 14 za mazoezi ya kupanda polepole: damu inaongeza maji yake, jasho linaanza mapema, chumvi inabanwa. Kwa hiyo wiki hii ya kwanza tucheze nusu ya muda, bila mbio za adhabu, na aliyetoka kwenye homa, kuharisha au safari ndefu aanze upya kama mgeni. Mwenye sikoseli, au aliyeambiwa hospitali kwamba ameibeba, asikimbizwe mpaka aishiwe pumzi, joto au baridi. Lakini mwili unazoeshwa kwa joto na mapumziko pamoja. Haujawahi kuzoeshwa kwa kiu.

Sasa utekelezaji. Kabla ya Januari mosi kila timu ilete majina mawili: mtu wa maji na mtu wa simu. Mtu wa maji asiwe mchezaji wa akiba, kwa sababu akiingia kucheza ndoo zinabaki yatima. Mama au dada wa mchezaji anafaa sana, na mara nyingi ndiye aliyekuwa akifanya kazi hiyo bila jina. Ndoo ziwe nne kwa timu, kanga kuukuu kumi, na turubai moja kwa kiwanja, siyo kwa timu. Kiwanja kisicho na kisima karibu, maji yaletwe kwa madumu mapema na yawekwe kivulini, maana dumu lililokaa juani tangu saa 6 ni chai. Mkipata nafasi ya kucheza kwenye nyasi bandia mchana, kumbukeni kwamba juani zimepimwa zikifika nyuzi 60, na ziwekeni ndoo upande wa jukwaa lenye kivuli.

Waamuzi wa mechi za Juvenile na Junior tumeshazungumza nao, wako tayari kusimamisha mpira dakika 3 katikati ya kila kipindi mkikubaliana kabla ya kuanza. Wa Micheweni na Wete wapeleke majina kwa wawakilishi wao, wa Mkoani na Chake Chake walete kwangu. Turubai la chama chetu liko nyumbani kwangu. Anayelitaka kwa bonanza aje kulichukua Alhamisi baada ya laasiri, na alirudishe limekaushwa.


Katibu wenu